Saini za Siku Tisa

Chapuchapu hakupewa jina hilo kwa kubahatisha. Katika kiwanda kile cha kufua shuka za hoteli na hospitali, hakuna aliyemfikia kwa kukunja. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, kila mmoja kashika ncha mbili, na mwenzake kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Twiga, mwanamke mrefu, mpole, mwenye mizaha ya kukuvunja mbavu. Damu zao zilipatana. Mmoja akipiga chafya, mwingine keshajua kama ni vumbi au mafua.

Basi siku moja rola ya kupigia pasi ikamvuta Chapuchapu mkono wa kulia. Kiganja kikaungua, vidole viwili vikapondeka. Daktari akamwandikia wiki sita za kukaa nyumbani, na mume wake akakipeleka cheti siku ileile kwa karani wa wafanyakazi, naye akakigonga muhuri. Hapo hakukuwa na neno. Tangazo lilibandikwa ukutani karibu na vyoo, kila mtu amelisoma mara mia: aliyeumia kazini na ana cheti cha daktari, nafasi yake inamngoja.

Sasa sikia kituko. Twiga hakuliamini lile tangazo. Yeye aliamini daftari la mahudhurio, maana zamani aliwahi kuona watu wakikosekana humo siku tatu tu, unga wao ukamwagika. Kwa hiyo kila asubuhi akishatia saini yake, anashuka mstari mmoja, anamtilia na shoga yake. Siku tisa, mpaka daftari likajaa, likaletwa jingine, na msimamizi mpya akaanza kulishika mwenyewe! Wala hakumwambia mtu. Na tuseme kweli jamani, nani kati yetu hajamfanyia rafiki upumbavu wa namna hiyo kwa moyo mweupe?

Wiki sita zikaisha. Chapuchapu akarudi, kidonda kimefunga, vidole viwili bado vikaidi. Karani hakumkaribisha hata kiti. Alimfunulia daftari, akaeleza kwa upole unaokera kwamba ofisi haina ugomvi na sheria, mgonjwa hafukuzwi. Ila daftari linaonyesha alikuwa kazini siku tisa ambazo cheti kinasema alikuwa nyumbani. Ama cheti ni cha uongo, na hapo hana ulinzi wowote, ama kuna mtu ameghushi saini. Chapuchapu akamkumbusha kwamba muhuri ule aliugonga yeye mwenyewe. Karani akajibu kuwa muhuri ni wa kupokea, si wa kukubali. Amwandikie jina la aliyeghushi, Jumatatu aanze kazi. Akampa siku mbili.

Zile herufi zenye mikia iliyopinda Chapuchapu alizijua kuliko mwandiko wake. Akajikausha, akaaga.

Nyumbani alieleza yote. Mume wake, fundi viatu asiyependa maneno mengi, alisikiliza mpaka mwisho.

"Hukumtuma," akasema. "Mtaje, mke wangu. Mkono huo nani mwingine ataupa kazi?"

Alichukia kwamba mume wake alisema kweli. Kesho yake akaondoka kwenda kwa Twiga, akafika hadi kona ya nyumba yake, akageuka. Aliogopa. Si kwamba Twiga angemgombeza. Aliogopa kwamba angecheka tu na kumwambia, nitaje shoga, yaishe. Hilo asingeliweza kulisikia kwa masikio yake.

Siku ya pili akarudi ofisini, akaandika lile jina kwa mkono wa kushoto, herufi zikaenda upogoupogo. Karani akasoma, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine, akazibana pamoja.

"Huyu alikuja mwenyewe juzi," akasema. "Alikiri yote. Akasema wewe ulikuwa hujui lolote, tusikuguse."

Chapuchapu aliuliza, kama ni hivyo, jina alilitakia nini tena.

"Anayejitaja mwenyewe, kwa taratibu zetu, anapewa onyo. Akitajwa na mwingine kwa maandishi, anaondoka." Akanyanyua mabega. "Mashine ya kukunja inakuja, mama. Mmoja wenu ilibidi apungue, na mgonjwa sheria hairuhusu."

Alimpa barua yenye nembo ya kiwanda. Ilisema nafasi yake imelindwa.

Jumatatu asubuhi alimkuta Twiga getini, kashika mfuko wenye kandambili zake za kazini na kikombe. Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakujua Twiga ameambiwa nini, akasimama palepale.

Twiga akaweka mfuko chini. Akamshika ule mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akavikunja vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayekunja kitambaa.

"Vinakunjika," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi na hiki kidogo."

"Twiga, mimi ndiye..."

"Najua. Wamenionyesha." Akaokota mfuko wake. "Umeandika kwa kushoto, eh? Jina langu lote umelikosea."

Hakucheka. Kengele ya kuingia ikalia, na Chapuchapu akaingia.