Rupia za Mfalme Kipofu

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno kule Parklands, nikaona nipitie duka la sonara wa zamani. Wapi! Pamejengwa fleti. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa, mtoto akinivuta mkono, nikajikuta namkasirikia nyanya yangu, aliyefariki zamani.

Nikueleze. Kwetu Waithaka nyanya alikuwa na rupia za fedha, nene, zilizojaa maandishi ya kupindapinda. Babu yake alilipwa nazo na wafanyabiashara wa Kihindi aliowauzia maharagwe, zikarithiwa zikiwa zimefungwa kitambaani. Mtunzaji wa rupia hizo nilikuwa mimi. Kila Jumamosi, nikishamkatia ng'ombe majani, nilizisugua kwa majivu na ndimu, githeri ikitokota jikoni, upepo wa Dagoretti ukituletea harufu ya machinjioni. Nilizipenda kupita kiasi. Majirani walinitania, wakaniita benki.

Kisha mhubiri mgeni akaja kanisani kuonya juu ya vitu vya uganga vinavyofichwa majumbani. Nyanya akaingiwa na hofu. Je, kama maandishi yale ni ya wachawi? Akaamua twende kwa yule sonara wa Parklands ayasome. Yakiwa mabaya, rupia ziyeyushwe zifanywe kikombe cha Meza ya Bwana. Yakiwa mema, ziwe zangu kabisa. Njia nzima niliomba yawe mema.

Sonara, mzee wa kofia nyeupe, aliigeuza moja chini ya taa.

"Mama, hii si uchawi. Hii jina ya mfalme ya Delhi tu. Kampuni ya Wazungu ilichukua nchi yake, lakini pesa ilitengeneza na jina yake, ndio watu wasishtuke."

"Na yeye mwenyewe alikuwa wapi?" nyanya akauliza.

"Kwa nyumba yake. Kipofu. Kampuni ndio inampea chakula."

Nilirukaruka kwa furaha. Nyanya akamsukumia sonara kitambaa chote.

"Yeyusha."

"Lakini Shosho, si umesikia ni jina tu?"

"Nimesikia. Baba yangu pia, Wazungu walimchukulia shamba, na bado walikuwa wanamuita mwenye shamba, na hata kuni hawezi okota huko. Huyo mfalme wamemtumia vya kutosha. Wacha apumzike."

Nililia mpaka Waithaka. Kwangu mimi, kulifuta jina lake kulikuwa kumwibia kile kidogo kilichobaki. Kwa nyanya kulikuwa kumfungua. Hadi leo nimechanganyikiwa, rafiki yangu. Kuna siku naona nyanya alikuwa sahihi, na kuna siku namlaumu vikali. Kikombe chenyewe kilitumika miaka kadhaa, kisha vikaja vile vikombe vidogo vya plastiki, na sasa hakuna anayejua kiliko. Na katika kumlilia kote kule, sikukumbuka hata kumuuliza sonara mfalme yule alikuwa akiitwa nani.