Sura Aliyoiruka Khalaf bin Nasr

Watu wa Ibra, huko Oman, walikuwa wakicheka, na haki ya kucheka walikuwa nayo. Mji uko nyuma ya milima, bahari ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na katikati ya shamba la mitende amesimama mzee wa miaka sabini na mbili, kanzu kaikunja hadi magotini, anarusha mshipi wa samaki kwenye vumbi. Anarusha, anavuta, anarusha tena. Samaki wake wa kwanza alikuwa kanzu ya jirani iliyoanikwa. Ndoana iliiingia begani ikakataa kutoka.

Huyo ndiye Khalaf bin Nasr, na anayemcheka hajui historia yake.

Aliondoka Unguja ana miaka kumi na moja, darasa la tano, na shule yake ikaishia hapo. Alipofika Oman, miaka baadaye, alikuwa kijana asiye na cheti, akapewa fagio kwenye nyumba ya mitambo ya umeme. Ndani mlikuwa na kitabu cha maelekezo ya jenereta, cha Kiingereza, kimelowa mafuta, na hapana mtu aliyekifungua. Khalaf alikifungua. Kila alasiri ukurasa mmoja, kamusi pembeni. Mwaka wa tatu mtambo ukazimika siku ya joto la kuua ndege, mhandisi akasema tungojee fundi kutoka Maskati, na mfagiaji akasema, "Kwa ruhusa yako bwana, ni pampu ya mafuta. Ukurasa wa themanini na tatu." Ikawa ni pampu ya mafuta. Alistaafu akiwa msimamizi wa zamu, na walio chini yake walikuwa na vyeti vya kutundika ukutani.

Basi mtu kama huyo humwambii kwamba kuna kitu kisichosomeka.

Kitabu cha uvuvi alikiokota Al Mintirib, kwenye sanduku la vitabu walivyoacha watalii katika kambi ya jangwani. Mtu katoka kwao na kitabu cha samaki, kaja kukitupa mchangani! Kilikuwa kinamhusu samaki mmoja tu, wa maziwa baridi ya Kanada na Marekani, anaitwa wolai, mwenye jicho kubwa jeupe kama kioo. Khalaf alikisoma mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sura moja inayohusu mito. Hiyo aliiruka. Oman haina mto, na karatasi za daftari lake alizinunua kwa pesa, si za kuandikia mito.

Baada ya kitabu zikaja video. Siku hizi mtu anatazama video kumi mfululizo akiwa amelala chali, na akiinuka hana hata moja kichwani. Khalaf alitazama moja kwa juma zima. Mkanada mwenye ndevu alikuwa akionyesha fundo. Khalaf anasimamisha picha, anachora kwenye daftari, anafunga mshipi kwenye mguu wa kiti, anavuta mpaka kiti kinaanguka. Akajifunza kichwa kidogo cha risasi chenye ndoana na unyoya: unakiacha kizame hadi chini, unakigonga juu ya mchanga, unangoja, unakigonga tena. Akajifunza kwamba wolai anakula jua likizama, kwa sababu jicho lake linachukia mwanga. Akaandika kwa wino mwekundu: *Magharibi*.

Ndipo akaanza kwenda Sur, mji wa pwani. Kila Jumatano baada ya sala ya adhuhuri anawasha gari, anapita Al Kamil, anakunywa chai ya maziwa kwenye kibanda cha njiani, na alasiri yuko kwenye mawe ya mdomo wa khori, pale maji ya bahari yanapoingia na kutoka. Anavua mpaka kiza. Anarudi mikono mitupu.

Shahidi wake alikuwa mmoja: Marhoun, askari polisi mstaafu, kizazi cha manahodha, mwenyewe alizaliwa Unguja akarejea Sur akiwa mdogo. Kila siku anaweka kiti chake cha plastiki pale khorini na birika la kahawa. Kizazi cha manahodha! Na samaki ananunua kwenye friza la duka kubwa, keshakatwa, keshafungwa nailoni, hana kichwa wala mkia wa kukwambia alikuwa nani.

"Ahlan bil-ustadh!" Marhoun humwita. "Leo umefika ukurasa wa ngapi?"

"Mia na arubaini."

"Na samaki nao wamefika?"

Khalaf anafunga fundo lake.

"Bahari haisomwi, yaa Khalaf. Bahari unazaliwa nayo."

"Weye uliyezaliwa nayo, mara ya mwisho umetia ndoana majini lini?"

Marhoun akajimiminia kahawa polepole. "Miye nina mgongo," akasema.

Safari ya kumi na moja ndiyo iliyoleta balaa. Akirudi gizani, karibu na Al Kamil, Khalaf alisinzia kidogo, gari likaingia njia isiyo yake, na lori likampigia honi mpaka masikio yakaziba. Jamaa yake mmoja alikuwa kwenye gari la nyuma. Habari ilifika Ibra kabla yake.

Asubuhi binti yake Ibtihal, ambaye anakaa naye tangu mama yake afariki, alimjia na uso uliokesha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Ufunguo wa gari nimeuchukua. Nauweka kwangu."

Khalaf akavua miwani. "Unanifungia nyumbani, Ibtihal?"

"Sikufungii. Ukitaka kwenda mahali, mimi nitakupeleka."

"Msikitini nisubiri dereva. Sokoni nisubiri dereva. Mtu wa kungoja mlangoni kama mzigo."

"Baba, basi, khalas. Safari kumi na moja! Ungekuwa unaleta kitu, ningesema haya. Huyo samaki yuko wapi?"

Khalaf aliomba safari moja tu, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Akirudi na samaki wa kujaza sufuria, aliyemvua mwenyewe, ufunguo ni wake. Akirudi mtupu, hatauomba tena. Ibtihal alikubali kumwazima ufunguo kwa siku hiyo moja, labda kwa kuwa alijua jibu.

Marhoun aliposikia kwa simu alicheka, kisha akaingiwa na huruma. "Nitakununulia mmoja sokoni, mkubwa. Sema wako. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," Khalaf akasema, akakata simu.

Siku tatu alikaa hana la kufanya. Siku ya nne alishuka kutawadha kwenye falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, ule uliobaki. Mingine imekauka; vijana wanafungua bomba na hawajui hata zamu ya maji ilikuwa ya nani. Alipoingiza mkono aliwaona samaki wadogo wa falaji, kama kidole. Wote walikuwa nyuma ya jiwe, wamegeuza vichwa kule maji yanakotoka, wametulia, wanangoja maji yawaletee chakula. Alisogeza jiwe. Wakahamia nyuma ya jiwe jingine, vichwa kulekule.

Alirudi nyumbani na nguo zimelowa, akafungua sura ya mito.

Yote yalikuwamo. Kwamba kwenye maji yaendayo samaki hajali jua liko wapi, anajali mkondo. Kwamba anajificha nyuma ya mwamba, mahali maji ya kasi yanapopakana na maji ya pole, na hapo ndipo utupe risasi yako. Khalaf alisoma akajipiga paja. Miezi mitatu alikuwa anavua khori kama ziwa! Khori si ziwa. Khori ni mto unaopita mara mbili kwa siku, ukiingia na ukitoka, na kuna siku unapita kwa nguvu na siku unalala.

Siku zipi? Hilo halikuwamo kitabuni, maana maziwa ya Kanada hayajui kupwa wala kujaa. Lakini mama yake alilijua. Mama yake hakusoma herufi moja, na kule Funguni, Unguja, alikuwa akihesabu tarehe za mwezi kwa vidole: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, katikati yake ni maji mafu, usijisumbue. Wanawake wote wa mtaa walijua hivyo kama wanavyojua majina ya watoto wao. Leo mwulize mjukuu wao bamvua ni nini, atakutazama kama umemtukana.

Khalaf akaandika kwenye daftari chini ya ule wino mwekundu: *Si Magharibi. Bamvua, maji yakitoka.* Akamwambia Ibtihal, "Tarehe kumi na saba Shaabani. Nitarudi jua bado lipo."

Siku hiyo alifika Sur kabla ya adhuhuri. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mawe, yamesimama. Akasali. Alipotoa salamu yalikuwa yameanza kutembea.

"Mchana huu?" Marhoun akapiga kelele kutoka kitini. "Jua utosini! Hata kitabu chako kinasema jioni!"

"Hiyo ilikuwa sura nyingine."

Maji yakashika kasi, yakawa yanavuma. Khalaf alitafuta mwamba mmoja uliozama nusu, akatazama mahali povu linapokatika na maji yanapotulia, akatupa juu kidogo ya hapo, kule maji yanakotoka, akaiacha risasi ishuke na mkondo. Ikagonga mchanga. Akangoja. Akagonga. Saa nzima, hapana kitu. Alihamia upande wa pili wa mwamba akatupa tena, na risasi haikufika chini. Ilisimama katikati, kisha ikaondoka na mshipi.

Hakupiga kelele. Alifanya kama alivyoandika: usivute kwa nguvu, inua fimbo ya kuvulia, mchoshe. Samaki alikimbilia kwenye mwamba. Khalaf akatembea juu ya mawe yenye utelezi, akamgeuza. Alipopanda juu alikuwa chewa, hamour kwa watu wa Sur, wa rangi ya kahawia na madoa, mdomo kama mkoba, hapungui kilo nne.

Birika la kahawa lilikuwa limepinduka. Marhoun, mwenye mgongo, alikuwa ameshateremka kwenye mawe. "Hamour! Wallahi hamour!" Akanyoosha mkono kumdaka.

"Usimshike shavuni, ana miba! Mtie kidole mdomoni, hivi."

Marhoun akafanya kama alivyoambiwa.

Khalaf alifika Ibra jua bado liko juu ya mitende. Ibtihal aliangalia samaki, akaangalia saa, akamwangalia baba yake. "Umemnunua kwa nani?"

Khalaf hakukasirika. Alimrudishia ufunguo, akampa simu. "Mwulize mtu wa Sur."

Ibtihal akampigia Marhoun, akamwuliza kama baba yake kavua mwenyewe. Kusema ndiyo ilikuwa kukubali kwamba mtu wa milimani, kwa kitabu, amefanya jambo ambalo mwana wa manahodha hakulifanya miaka ishirini.

"Binti yangu," Marhoun akasema, "naona haya kukwambia. Kamvua mwenyewe, mbele ya macho yangu. Na mwambie nataka kujifunza hilo fundo lake."

Walimpika kwa tui, la pakiti, maana nani leo anakuna nazi. Kichwa akapewa Khalaf. Alikuwa anachambua shavu la samaki, taratibu kama mtu asomaye, Ibtihal alipousukuma ufunguo juu ya mkeka hadi karibu na sahani yake.

"Jumatano unakwenda tena, Baba?"

"Jumatano siendi," akasema. "Maji mafu."

Akauacha ufunguo pale ulipo, akaomba ndimu.