Kichwa Chekundu cha Eusebio

Eusebio Arvizu alichomelea mabomba jijini Tucson kwa miaka thelathini, na hakuwahi kuwa na mmea hata mmoja. Alipostaafu akajinunulia kaktasi ya kubebeshwa, mimea miwili ya miiba iliyounganishwa: kichwa chekundu juu ya shina la kijani. Kwa mapenzi, akawa anaimwagilia kila asubuhi. Mwezi haukuisha, shina likalainika, likawa jeusi na kunuka.

"Shemeji, umeizamisha hiyo," akacheka Ofelia, dada wa mkewe. "Nunua ya plastiki, hiyo hutaiua."

"Kichwa bado kigumu, Ofelia. Simtupi mtu anayepumua."

Lakini kichwa kile hakikuwa na ukijani wa kujitengenezea chakula. Bila shina kingekufa. Eusebio akaomba kwa jirani kipande cha shina la pitaya, kaktasi nyingine ya kijani, akakipanda chunguni. Akasafisha kisu kwa spiriti, akakata kichwa hadi penye nyama safi, akakata na shina jipya, kisha akavibananisha vikiwa vibichi, kiini cha kati kikigusana na kiini, na kuvifunga kwa mipira ya kufungia. Kuunganisha ndiyo kazi aliyoijua.

Safari hii hakumwagilia maji mpaka udongo ukauke kabisa. Wiki ya tatu akafungua mipira, akakisukuma kichwa kwa kidole. Hakikutikisika. Akabeba chungu hadi kwa Ofelia, kifua mbele.

Ofelia akakigusa kichwa, akakitikisa kidogo.

"Haya, fundi," akasema. "Kuna kaktasi zangu mbili zinaoza huko nyuma. Ziangalie basi."

Eusebio alikuwa ameshakunja mikono ya shati.