Makoti Yaliwahi Kufika

Msimu ule, kila nikitoka sokoni, kazi yangu ya pili ilikuwa kumtafsiria yaya Marekani.

Yaya ninayemsema si mlezi wa watoto. Wakongo wa Kivu humwita hivyo dada mkubwa, na siku aliponiambia nimwite yaya nilicheka hadi akakunja uso, maana kwetu Mwanza yaya ni yule anayelea watoto wa watu. Tulipanga nyumba moja hapa Guangzhou, yeye chumba chake, mimi changu, sebule ya wote wawili. Mimi nachukua nguo soko la jumla la Shahe napeleka Mwanza. Yeye anachukua Shahe na Shisanhang anapeleka Uvira na Bukavu. Kifaransa anakijua mpaka cha kutukania, Kichina cha sokoni ananishinda, ila Kiingereza hakimpandi hata kidogo. Chaneli za Kifaransa zilikuwepo, lakini alidai zinamkatia habari: Marekani dakika mbili, halafu mpira. Yeye alitaka yote. Basi tukawa tunawasha VPN ya kuruka kufuli la mtandao wa China, ambayo ilikatika kila ilipojisikia, tunafungua chaneli ya Wamarekani wenyewe, na mimi nakaa kwenye kochi kama mkalimani wa mkutano wa injili.

"Banasema nini?" ndilo lilikuwa swali lake. Aliliuliza hata wakati wa matangazo ya dawa za mgongo.

Mwenyewe siasa sizipendi, na watangazaji wale nilikuwa siwapendi zaidi. Wanapiga kelele saa nzima kukwambia kwamba bado hawajui. Kama si yaya ningekuwa naangalia tamthilia zangu nimenyoosha miguu. Lakini binti yake alikuwa kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, na watoto wawili. Alikimbia Uvira vita vilipoingia, wakati mama yake yuko huku tayari anatafuta riziki, na kambini humo ndimo alimozikwa mumewe na ndimo alimozaliwa mtoto wa pili. Miaka imepita anahojiwa, anapimwa kifua, anahojiwa tena. Mwaka ule ndipo aliambiwa: mmekubaliwa, mtakwenda Marekani, ndege yenu ni mwishoni mwa Januari. Akatajiwa mji pia, wa kaskazini kwenye theluji. Tangu siku hiyo yaya alikuwa akiamka anaangalia kwenye simu hali ya hewa ya mji huo kabla hajaangalia ya Guangzhou.

Kura za Wamarekani huhesabiwa usiku wao, ambao huku ni asubuhi mpaka mchana. Siku hiyo hatukwenda sokoni. Jamaa mmoja aliyekunja mikono ya shati alisimama mbele ya ramani akawa anaigusagusa, majimbo yanageuka mekundu na ya bluu.

"Yetu ni rangi gani?" yaya aliuliza.

Nikamwambia sisi hatuna rangi pale. Akaniangalia kama nimemnyima chumvi. Nikaona nimwambie tu ukweli, kwamba mmoja wa wagombea ameahidi kuwafungia mlango wakimbizi, na kwamba rangi yake ndiyo inayoenea. Alikaa ameshika rimoti kwa mikono miwili, na sombe, kisamvu chao, aliyoiweka jikoni ikaungua wote tunasikia harufu, hakuna aliyenyanyuka. Mchana mtangazaji akatangaza mshindi.

"Anaingia lini?" yaya akauliza.

"Januari, katikati kwenda mwishoni."

"Na mutoto yangu, Januari mwishoni." Akahesabu kitu kichwani, akaamka kwenda kusugua sufuria.

Wiki ile ile akanunua makoti ya binti na wajukuu. Nilikwenda naye Shahe alfajiri, na sijawahi kumwona mtu akinunua nguo tatu kwa ukali ule. Makoti ya manyoya ya bata, marefu, ya kofia. Aliyabinya, akayanusa, akapuliza kwenye mshono kuona kama manyoya yanatoka, akapandisha zipu na kuishusha mpaka laoban mwenye kibanda akaanza kununa. Bei haijatajwa, yeye ameshapiga kelele "tai gui!", ghali mno. Mawili akayakataa, akapewa mengine, kwa sababu uzi wa mfukoni ulikuwa umelegea. Nilimtania kwamba anakagua kama ni ya rais. Hakucheka.

Kosa lilitokea hapo, na ni kosa la watu wa kazi yetu. Makoti ya manyoya ni mepesi lakini yanajaza nafasi, na ndege hukutoza kwa nafasi, kwa hiyo hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayeyapandisha ndege. Yaya akayaweka katikati ya belo lake, likaingia kwenye kontena la meli kwenda Dar, kisha lori mpaka Kigoma. Alikokotoa akaona yatafika wiki mbili kabla ya safari. Ndivyo tulivyozoea. Ukiuliza mtu yeyote wa Guangzhou atakwambia: hupandi ndege kabla hujajua mzigo wako uko wapi.

Desemba ilipoanza binti akapiga simu. Familia moja ilikuwa na wagonjwa, safari yao imeahirishwa, na ofisi inayosafirisha watu imemuuliza kama yuko tayari kuchukua nafasi zao. Ndege ni wiki hiyo hiyo. Yaya aliweka simu kwenye spika akiwa anakunja suruali za watoto, na sauti ya binti ilikuwa ya haraka haraka.

"Mama, banataka jibu leo."

"Na makoti?"

"Makoti hayajafika, mama. Tutaenda tu hivi."

Niliingilia. Nilisema, "Yaya, huko huwa wanawapa wageni nguo za baridi, nimesikia wanawapokea uwanja wa ndege na makoti."

Aliacha suruali. "Banawapa nini? Ya nani?" Akaniuliza mimi, si binti. "Mitumba? Mi navalisha Bukavu yote nguo mpya, mutoto yangu ashuke mu ndege avalishwe koti ya mutu aliyekufa?"

Hata mimi ningesikia vibaya. Sisi tunaouza nguo mpya kwenye miji ya mitumba tuna kiburi chetu, na ndicho kinachotuamsha alfajiri. Halafu akamgeukia binti, sauti imeshuka, ya upole kabisa. "Tarehe yako iko. Haikimbii. Ungoje makoti, bajukuu wangu wasiumwe kifua. Ni wiki chache."

Binti akasema, "Sawa, mama."

Nafasi zile zikachukuliwa na watu wengine.

Januari ikaja na baridi yake ya Guangzhou, ile isiyo na theluji lakini inaingia mpaka kwenye shuka. Wachina walikuwa wameanza kufunga vibanda kwenda kwao kwa mwaka mpya wa Kichina, na kila ukiuliza kitu unajibiwa "mei you", hakuna. Muda ukawa mwingi, na muda wote tukautumia kwenye televisheni. Huko Marekani walikuwa wanawahoji wateule wa serikali mpya. Wabunge wamekaa juu kwa nusu duara, mteule chini mezani peke yake na glasi ya maji. Huku tuliyaona asubuhi, yakirudiwa.

Mmoja wao akaulizwa juu ya mipaka na wageni. Nilikuwa natafsiri mbio, sentensi iliyopita mdomoni, inayokuja sikioni, na mara VPN ikakata. Mteule akaganda mdomo wazi. Yaya akapiga meza.

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anaanza kujibu kuhusu wakimbizi."

Nilizima nikawasha, nikabadilisha nchi, nikatukana. Picha iliporudi walishahamia kwenye ushuru wa bidhaa za China, jambo ambalo kwa haki lingetakiwa kututisha sisi wote kuliko lolote, lakini siku hiyo hatukulijali. Yaya alikuwa anamkazia macho yule mtu.

"Huyu ameshakata bei, hapunguzi tena," akasema. "Angalia. Hashiki karatasi, hashiki maji. Laoban akikaa hivi, unaondoka tu."

Nilimwambia aache kuwasoma Wamarekani kama wauza suruali. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nami nilikuwa nimeona hivyo hivyo na nimeogopa.

Siku mbili baadaye belo likafika Kigoma. Binti akatuma picha: watoto wawili kwenye jua kali la kambini, wamevaa makoti mpaka magotini, kofia kichwani, mdogo amekunja sura kwa joto na bado anacheka. Yaya aliipiga busu simu. Alicheza sebuleni. Akanionyesha picha ile zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka, akanionyesha hata bibi Mchina wa lifti, ambaye alisema jambo refu tukaitikia tu. "Unaona?" aliniambia. "Yamewahi. Nilisema nini?" Nikamkubalia, na nilifurahi kwa moyo wangu wote. Binti alikuwa ameanza kugawa vitu, ndiyo desturi ya wanaoondoka kambini: magodoro kwa jirani wa kushoto, sufuria na ndoo kwa wa kulia, kuku kwa kwaya. Nyumba yenyewe, ya matofali mabichi, alikuwa ameshamwahidi mama mmoja mwenye watoto wengi.

Kisha rais mpya akaapishwa. Alipoanza kusaini amri zake, kwao jioni, kwetu kulikuwa kumekucha. Tulikunywa chai mbele yake. Faili moja linafunguliwa, anasaini, analinyanyua juu watu washangilie, linafuata jingine. Mtangazaji alisoma vichwa vyake na mimi nikavitafsiri, na kila faili lilipofunguliwa yaya aliacha kutafuna. Hili la mafuta. Hili la wafanyakazi wa serikali. Hili sijalielewa.

Halafu likaja. Nilisikia neno wakimbizi, na nikachelewa. Yaya aliliona hilo.

"Banasema nini?"

"Ngoja."

"Dada. Banasema nini?"

"Amesimamisha mpango wa kupokea wakimbizi." Nikanyanyua mkono kabla hajasema kitu, maana mtangazaji alikuwa anaendelea. "Lakini, sikiliza, yaya, amri inaanza wiki ijayo. Jumatatu ijayo."

Ndege ya binti ilikuwa Jumamosi.

Alinifanya nirudie. Aliniapisha. Tukatafuta chaneli nyingine, nayo ikasema hivyo hivyo: Jumatatu. Yaya alipiga magoti pale pale kati ya kochi na meza akaomba kwa Kifaransa, na mimi nikaomba kwa Kisukuma, jambo ambalo huwa nalifanya nikiwa nimebanwa kweli. Jumamosi inakuja kabla ya Jumatatu, hilo nilijiambia siku nzima. Nilimwambia na yeye.

Keshokutwa yake nilikuwa nimekwenda kutafuta vifungashio. Niliporudi nilikuta televisheni inawaka, wale wa kwenye nusu duara wanabishana tena, na yaya amekaa sakafuni mgongo kwenye kochi, simu kwenye kiganja. Hakugeuka nilipofungua mlango. Nikajua.

Jana yake basi la kuwatoa kambini, kwenda kusubiri ndege ya Jumamosi, halikuja. Walikaa na mabegi yao kwenye kituo tangu asubuhi, familia nyingi, watoto wamevalishwa vizuri, mpaka mtu mmoja wa ofisi akatoka akawaambia safari zote zimefutwa kuanzia sasa, za kabla ya Jumatatu na za baada yake. Warudi majumbani kwao. Binti alirudi na watoto kwenye nyumba ambayo haikuwa na kitu, na yule mama aliyeahidiwa alikuwa ameshaleta viti vyake, akaviondoa mwenyewe bila kuombwa, akilia.

Hayo yaya aliniambia polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Kisha akasema, "Mwezi wa kumi na mbili wangekuwa wamefika." Nilitaka kumwambia hapana, nani angejua. Sikuweza, kwa sababu wale waliochukua nafasi zile walikuwa wamefika kweli. Nilikaa sakafuni karibu naye, bega kwa bega.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti, wa binti. Yaya hakuugusa. Nilijua anaogopa nini: miaka yote ile, na sasa binti angekuwa na haki ya kumwambia kosa ni lake. Mwishowe akabonyeza.

Sauti ya binti ilitoka wazi kabisa, nyuma yake mtoto anakohoa. Haikuwa na hasira hata kidogo.

"Mama, usiwaze. Tumelala vizuri. Magodoro sikuyaomba tena kwa jirani. Tumetandika makoti. Ni laini sana, mama. Batoto wamelala."

Ujumbe ukaisha. Kwenye televisheni mtu alikuwa anagonga nyundo kutuliza wabunge. Yaya aliniangalia, macho makavu. Binti alikuwa amesema kwa Kiswahili chao, kile alichomfundisha yeye mwenyewe.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Nikamshika mkono, nikamtafsiria.

"Anasema makoti ni laini, yaya. Anasema wanayalalia."