Kidonda Ndani ya Gambuti

Ni nini humfanya mtu amwite daktari wa mifugo hata kabla ya kunywa chai kwa sababu chuchu moja ya ng'ombe imevimba, kisha auache mguu wake mwenyewe uoze ndani ya kiatu cha mpira kwa miezi minne? Nimeligeuza swali hili mara nyingi, na bado sina jibu ninaloweza kulitetea mbele ya mtu mwenye akili.

Mama yangu anaishi nje ya mji, ukishapita Chepkoilel, kwenye kipande cha shamba chenye nyasi za nepia za kulishia na ng'ombe watatu. Mimi naishi mjini, mtaa wa Munyaka, na kila Jumamosi nilikuwa nikienda kumjulia hali na kurudi na maziwa. Kidonda kilianzia pale ambapo ukingo wa gambuti husugua muundi. Alikamua alfajiri na jioni, miguu imezama katika tope la samadi na mkojo, na kwa kuwa gambuti lenyewe lilikuwa limepasuka, soksi haikukauka kamwe. Hayo niliyajua baadaye. Nilichotangulia kukijua ni harufu.

Ilikuwa harufu tamu, na utamu huo ndio uliokuwa mbaya. Nilidhani panya amefia nyuma ya kabati. Kisha nikagundua kwamba harufu ilitoka nje mama alipotoka na kurudi aliporudi. Alishinda na gambuti hata sebuleni, akisema sakafu ni baridi. Nami, binti yake mwenye shahada, nilifanya nini? Kwa Jumamosi tatu mfululizo nilisogeza kiti hadi mlangoni, nikadai napenda jua, nikanywa chai yake huku nikipumua kwa mdomo.

Jumamosi ya nne nilimkuta daktari wa mifugo zizini, mtu wa mzaha anayemjua mama kwa miaka. Alikuwa amemaliza kumdunga ng'ombe mmoja sindano ya kiwele, na mama alikuwa anamwomba chupa nyingine ya dawa ya kupulizia.

"Mama, ile ya juzi imeisha? Na hakuna ng'ombe ana kidonda hapa."

"Imeisha."

"Imeishia wapi?"

Mama alikaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, akainua sketi, akavuta gambuti la kushoto. Halikutaka kutoka. Lilipotoka, lilitoa sauti kama ya mtu anayenyonya uboho. Mguu ulikuwa wa zambarau hadi gotini kwa dawa ile ya ng'ombe, na juu yake alikuwa amepaka mafuta ya kukamulia. Soksi ilikuwa imeshikana na nyama. Alipoibandua, usaha wa kijani uliteremka polepole hadi kifundoni, na nzi walioacha mgongo wa ng'ombe wakaja kwake. Nilifika kwenye nepia nikatapika chai yote.

"Mama, hii ni dawa ya ng'ombe," nilimsikia daktari akisema.

"Na mimi na ng'ombe tofauti ni gani? Wao wanakamuliwa, mimi nakamuliwa. Wao angalau unakuja kuwaona."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ng'ombe akiwa na mguu kama huu ningekwambia umpigie mchinjaji. Hii ikifika kwa mfupa, wataukata."

Alipoondoka, nilimwambia mama tuingie garini wakati uleule.

"Na jioni nani atakamua? Huyu ng'ombe mweusi hamwachilii mtu mwingine maziwa."

"Mama, daktari amesema mguu utakatwa."

"Bado unauma. Siku utaacha kuuma ndiyo nitaogopa." Akayatazama macho yangu, kisha viatu vyangu. "Na hivyo vyako vya ofisi, si vimekukunja vidole kama tangawizi? Mbona hujavivua?"

Kanisani akina mama humsifu kwamba hachoki wala halalamiki, naye huipokea sifa hiyo akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayewekewa mkono wa baraka. Nilisomeshwa na maziwa yaliyotoka katika tope lile, nami pia nimewahi kusimulia uvumilivu wake kwa wenzangu kazini, nikijivuna. Sasa nilikuwa nimeuona uvumilivu wenyewe, una rangi ya kijani na unavutia nzi. Niliuchukia. Nilichukia pia kwamba kwa mwezi mzima niliona ni rahisi kuvumilia uvundo kuliko kuvumilia ugomvi wa dakika tano.

Mama alivaa gambuti lake tena, akaenda kukamua jioni ile. Sikurudi Munyaka. Wakati wa chakula nilimwambia kwamba kesho nitakamua mimi, naye hataingia zizini.

"Wewe? Mara ya mwisho kukamua ulikuwa darasa la sita. Atakupiga teke uende ukafundishe huko chuoni na meno mawili."

Asubuhi niliamka kabla yake. Magambuti yalikuwa barazani. Nilichukua panga la kukatia nepia, nikayapasua yote mawili kutoka ukingoni hadi kisiginoni. Kitambaa cha ndani kilikuwa na utelezi kama wa konokono, na nilinawa mara tatu. Kisha nikaingia zizini. Yule mweusi alinipiga teke la paja na kuniachilia nusu ya maziwa yake. Mama alisimama kwenye mlango wa nyumba bila viatu, akayaangalia magambuti yaliyopasuliwa, kisha akanigeukia.

"Anza tena, na chuchu za nyuma," alisema. "Na usimshike kama unaiba."

Mwenye pikipiki anayekusanya maziwa alipokwisha kuyachukua, niliufunga mguu wa mama kwa leso safi, nikafungua madirisha yote ya gari. Hospitalini mjini tuliketi kwenye benchi hadi saa tatu. Muuguzi alipoita, mama alitangulia mwenyewe, akichechemea, akapanda kitandani na kuunyosha mguu.