Kamba Nne za Mzee Hhando

Shule ya kata anayofundisha Mwalimu Restituta, juu kule Tlawi, ina maabara nzuri ya baiolojia. Ina mlango, ina kufuli, ina hata kibao kilichoandikwa kwa rangi ya mafuta. Ndani kuna magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Kisayansi hakuna kosa: mahindi ni viumbe hai, na panya wanaoyafuata ni hai zaidi.

Restituta, mzaliwa wa Nangwa mwenye stashahada na miaka kumi na mmoja kazini, alikuwa amewafundisha wanafunzi wa kidato cha nne tangu wakiwa cha kwanza. Ndipo akaletwa Mwalimu Wolfgang, mwenye shahada, kompyuta na projekta yake mwenyewe. Mkuu wa shule, mtu wa haki, akaamua kwamba mdhibiti ubora akija atawatazama wote wawili wakifundisha mada moja. Atakayemridhisha atabaki na kidato cha nne. Mwingine atapewa kidato cha kwanza pamoja na heshima ya kusimamia zamu za kuosha vyoo.

Mada ilikuwa hamira: jinsi kromosomu zake zinavyobadilishana vipande kabla ya kutengana katika meiosisi, ule mgawanyiko wa seli unaozaa mbegu. Wanafunzi waliuliza kwa nini hamira, wakati kuna ng'ombe wa kutosha. Restituta aliwajibu kwamba hamira ni mkweli. Ikikosa chakula hujigawa ikatoa mbegu ndogo nne, spora, ndani ya kifuko kimoja, na mgawo ukienda vibaya waliokufa wanahesabika. Ng'ombe hakupi hesabu hiyo.

Mdhibiti, mama mtaratibu aitwaye Hilda, alianza na Wolfgang. Picha zilimeremeta ukutani. Wanafunzi walinakili ufafanuzi wa mistari minne, wakaukariri mara tatu kwa pamoja kama Salamu Maria. Kisha mama Hilda akauliza: kromosomu zisipobadilishana vipande, zinapata shida gani kutengana? Wanafunzi wakapekua madaftari. Wolfgang akaeleza kwa ufasaha kwamba hilo lingekuja kipindi kijacho.

Zamu ya Restituta ikafika. Yeye projekta yake ilikuwa kamba nne alizoazima kwa Mzee Hhando, mwenyekiti wa bodi ya shule: mbili za katani, mbili za bluu. Mzee alikuwa ametoa sharti moja tu, kwamba zirudi kama zilivyoondoka, kwa kuwa siku hiyohiyo alitaka kupeleka fahali mnadani.

Uwanjani, Restituta alifunga zile za katani pamoja kwa vipande vya mpira wa baiskeli, toka mwanzo hadi mwisho. Hiyo ikawa kromosomu moja iliyokwisha kujinakili. Za bluu zikawa mwenzake. Akaweka vikundi viwili vya wanafunzi wa kuvuta kamba, akawafunga macho, akawaambia kila kikundi kipapase na kuvuta kitakachokipata. Kikundi cha kwanza kikaondoka na mafungu yote mawili. Cha pili kikaondoka na majani. Hakuna aliyehisi kosa, maana kamba iliyolegea haimlalamikii mtu.

Hapo ndipo palipohitaji kazi yenyewe. Jana yake alikuwa amejaribu kuyapitisha mafungu moja juu ya jingine bila kuyakata, yakateleza yakaachana. Hamira haifanyi ujanja huo. Hamira hukata. Restituta alitazama kamba, akatazama njia ya kwa Mzee Hhando, akamtazama mama Hilda aliyeshika kalamu. Akachukua mundu. Alikata kamba moja ya katani na moja ya bluu katikati, akaunga nusu ya katani kwenye bluu na nusu ya bluu kwenye katani. Vipande vya mpira akaviacha palepale, hivyo kila nusu ikabaki imefungwa kwa pacha wake wa zamani, na mafungu hayakuweza kuachana.

Wakati vikundi vinashika ncha, Mzee Hhando akatokea na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Restituta.

"Marahaba. Mwalimu, mimi nilikupa kamba nne."

"Bado ni nne, mzee."

"Fahali wangu hasomi kidato cha nne," alisema mzee. "Atafungwa na hiki kitu?"

Hakungoja jibu. Alishika ncha ya katani mwenyewe, akaivuta kwa hasira apime mafundo. Upande wa pili wanafunzi wakavuta. Kamba zikakaza. Mzee akaegemea nyuma, kisigino kikachimba ardhi.

"Imeshika," akakiri.

"Ndiyo hivyo, babu," alisema msichana aitwaye Judica, aliyekuwa pembeni na wembe. "Sasa kila upande unajua mwenzake yuko ng'ambo. Ikikaza hivi, ndipo mpira unakatwa."

Akaukata. Mafungu yakaachiana, na mwenyekiti wa bodi akaketi kwenye nyasi kwa kishindo, mkononi ana kamba moja nzima ya katani na nyingine nusu katani, nusu bluu. Kikundi cha pili kilikuwa na fungu lake. Hakuna aliyeondoka na majani.

Mama Hilda akarudia swali lake. Judica akajibu kwamba bila ule muungano hakuna kukaza, na bila kukaza kromosomu zote mbili zinaweza kwenda upande mmoja. Spora nyingine zinabaki bila kitu, zinakufa.

Taarifa ya mdhibiti ilisema somo halikufuata andalio, lilifanyika nje ya darasa, na lilimwangusha kiongozi wa bodi. Mstari wa mwisho ulipendekeza Mwalimu Restituta abaki na kidato cha nne. Wolfgang alipokea ratiba ya vyoo, akaitengenezea slaidi nzuri sana.

Restituta alijitolea kufungua mafundo. Mzee Hhando akakataa: kilichokatwa kimekatwa. Fahali alikwenda mnadani kwa kamba ya rangi mbili, nayo haikukatika. Ila Jumatatu, habari zikiwa zimeshaenea, Restituta alipowaomba wanafunzi walete kamba za kipindi kijacho, kumbe Tlawi nzima hapakuwa na nyumba yenye kamba.