Mkono wa Lornah Wachagua Beseni la Maji Baridi

Saa saba mchana, jua la Kisumu likiwaka, Lornah Achola amezamisha mkono hadi kiwiko ndani ya beseni jeupe la kuogea maji baridi. Amefumba macho. Midomo inacheza.

"Mama, unaombea bidhaa yangu?" Uzair, mwenye duka, anamtania.

"Naomba, na napima."

Lornah, 46, ni fundi wa friji. Alianzia Usenge, kando ya ziwa, akipanga samaki kwenye barafu, na huko akina mama walipima ubaridi kwa sala ya Baba Yetu.

"Maji ya nyuzi kumi hayakuachi ufike Amina mkono ukiwa ndani," anasema.

Leo amefika Amina mara mbili. Kioo cha mashine ya kupozea kinaonyesha nyuzi kumi.

"Kioo hiki kinadanganya."

Uso wa Debra, mteja aliyemleta Lornah dukani, unasawijika. Huyu alicheza netiboli ujanani, na sasa magoti yanamsumbua. Amedunduliza miaka miwili kupata shilingi 280,000, anunue beseni la nyumbani la kuyatuliza kwa baridi. Hili jeupe lina taa za buluu. Amelipenda.

"Lornah wangu, si ni tofauti kidogo tu?"

Lornah anachovya kipimajoto chake cha samaki katikati ya maji. Kumi na sita. Kumbe kipimo cha mashine kimefungwa mdomoni mwa bomba, pale maji yaliyopozwa yanapotokea.

"Wah! Basi hata mimi niliuziwa uongo," Uzair anasema, akijicheka.

Kwa kazi hii Lornah analipwa na Debra shilingi 3,000. "Wateja huletwa kwangu na wateja," anasema. "Nikikosea kwa Debra, hata friji sitaletewa tena."

Anaomba beseni la pili, la kijivu, linalonguruma kama kinu cha posho. Wanalisukuma nje juani, kwa sababu kwa Debra litakaa uani. Baada ya saa mbili Lornah anazamisha mkono. Anapofika "utusamehe makosa yetu" anauchomoa, akipuliza vidole. Kipimajoto kinasema kumi.

"Lakini ni baya, jamani!" Debra analalamika.

"Dada, goti halina macho."

Analinunua, amenuna.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, Debra anashuka ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Wenzake wawili wa timu ya zamani wanamwona, wanaomba namba ya fundi.

Lornah anamshukuru Mungu. Sasa anatafuta chumba cha kukodi, aunde mabeseni yake mwenyewe kwa mashine kuukuu za kupozea samaki.

"La kwanza litapoza vizuri," anasema. "Rangi nitapaka mwisho, pesa ikibaki."